Mpaka wa miti: kwa nini udongo wa milima mirefu unatoa gazi kaboniki, na kwa nini jambo hilo linatuhusu chini ya Rwenzori

Mtu akipanda Rwenzori kutoka Mutwanga, anaacha nyuma mashamba ya kahawa na kakao, anaingia katika msitu mkubwa, anapita mianzi, kisha anajikuta katikati ya miti yenye kufunikwa na ndevu za kijani na za kijivu toka chini mpaka juu. Ni miti ya jamii ya Erica. Kule Ulaya ndugu zake wengi ni vichaka vifupi, lakini huku kwetu inaweza kupita metre kumi. Akiendelea kupanda, miti inakuwa mifupi, inaachana, halafu inaisha. Inabaki lobelia, senesio zenye kichwa sawa na kabichi kubwa, majani, matope, na juu kabisa mawe na barafu kidogo yenye ingali inabaki. Ile fasi miti inaishia ndiyo watafiti wanaita mpaka wa miti.

Kila mlima mrefu wa dunia uko na mpaka huo. Katika milima ya Alpes unakuwa kwenye metre 2000 na kitu, kule Peru unazunguka 3500, na Rwenzori unakaribia 3900. Urefu unabadilika, lakini baridi ni ile ile. Christian Körner, mtaalamu wa mimea wa Université ya Basel kule Uswisi, pamoja na mwenzake Jens Paulsen, walilinganisha joto la udongo katika milima ya mabara mbalimbali. Wakakuta kwamba karibu kila fasi miti inaisha pale ambapo udongo, katika majira ya kukua, uko na joto la wastani la digrii 6 hadi 7 tu. Chini ya hapo mti unaweza kuishi, lakini hauwezi tena kujenga mbao za kutosha kusimama.

Watu wanaongea sana juu ya barafu ya Rwenzori yenye kuyeyuka, na iko haki. Mwaka 1906, wakati Duc des Abruzzes alipanda na watu wake, barafu ilifunika eneo la kilometre za mraba zaidi ya 6. Karne moja nyuma ilibaki karibu kilometre moja. Barafu inapigwa picha. Udongo wenye kuwa chini yake kidogo haupigwi picha na mtu yeyote, wakati ndani yake kumewekwa kaboni ya miaka mingi, na joto lile lile lenye kumaliza barafu linaugusa pia.

Hii si mazuku

Kwanza tutenganishe mambo mawili, kwa kuwa mtu wa Goma ao wa Sake akisikia kwamba udongo unatoa gazi kaboniki, kichwa chake kinaenda moja kwa moja kwa mazuku. Ana haki ya kuogopa. Mazuku ni gazi kaboniki yenye kutoka ndani kabisa ya ardhi ya volkano, inapita katika nyufa za mawe, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inajikusanya mabondeni na katika mashimo. Asubuhi, mbele ya upepo kuanza, inaweza kuua mbuzi, mbwa, na hata mtoto mwenye kuteremka kuchota maji. Wanasayansi wa dunia nzima wamechukua neno letu hilo la mazuku na kuliandika hivyo hivyo katika vitabu vyao.

Gazi yenye tunaongelea hapa ni ile ile kwa jina, CO2, lakini chanzo chake ni kingine. Haitoki kwa volkano. Inatoka kwa uhai: mizizi ya miti na majani, uyoga, na vijidudu vyenye kula majani yaliyooza. Vyote vinapumua sawa na sisi. Inatoka pole pole, inachanganyika na hewa, haiui mtu. Ubaya wake, kama uko, ni wa hesabu ya dunia nzima. Udongo wote wa dunia unatoa kila mwaka kaboni karibu mara nane hadi kumi kuliko ile inayotoka kwa mafuta, gazi na makala ya mawe yenye watu wanachoma. Kwa kawaida mimea inarudisha karibu yote, inaivuta kwa majani yake. Ni sawa na mfuko wa muuzaji wa soko: pesa mingi inaingia, mingi inatoka, na faida ao hasara ni ile tofauti ndogo yenye kubaki jioni. Udongo ukianza kutoa hata kidogo zaidi ya ile unayopokea, kwa hekta mamilioni, hesabu inageuka.

Jinsi ya kupima pumzi ya udongo

Kazi yenyewe si ya ajabu. Mtafiti anachomeka pete ya plastiki ao ya chuma katika udongo na kuiacha siku kadhaa ili udongo utulie. Akirudi, anafunika pete ile kwa kifuniko chenye mpira wa kupitisha hewa kwenda kwa mashini. Kwa dakika mbili ao tatu mashini inahesabu namna gazi inavyopanda ndani ya kifuniko. Ikipanda haraka, udongo unapumua kwa nguvu. Kisha anaenda kwa pete ya pili, ya tatu, ya ishirini, na kesho anarudia, kwa sababu udongo wa mchana si udongo wa usiku, na udongo wa masika si ule wa kiangazi.

Kazi ya namna hiyo imefanyika hata huku kwetu, katika msitu wa mlima wa Parke ya Kahuzi-Biega, na pia Yoko, karibu na Kisangani. Mtu angefikiri kwamba udongo wa Kisangani wenye joto unatoa gazi mingi kabisa kuliko ule wa Kahuzi. Kumbe vipimo vilikaribiana: kwa wastani gramu 13 hivi za gazi kaboniki kwa siku, kwa kila metre moja ya mraba. Kipande cha msitu chenye ukubwa wa hekta moja kinatoa basi kilo 130 hivi kwa siku moja. Ni mingi, lakini tukumbuke kwamba miti ya hapo inaivuta tena.

Kujua ni nani anapumua, mizizi ao vijidudu, ni jambo gumu zaidi. Jaribio lenye kusimuliwa sana lilifanywa kaskazini mwa Sweden, matokeo yakatoka mwaka 2001. Peter Högberg na wenzake walitoa ganda la misonobari kwa kuzunguka shina lote, namna wakulima wetu wanafanya wakitaka mti mkubwa ukauke wenyewe mbele ya kulima. Sukari yenye kutengenezwa na majani inapita chini ya ganda. Ganda likikatwa, sukari haifiki tena kwa mizizi. Ndani ya mwezi mmoja ao miwili pumzi ya udongo ilishuka kwa karibu nusu. Maana yake, karibu nusu ya gazi yenye kutoka kwa udongo wa msitu ule ilikuwa inatokana na chakula cha siku zile zile, chenye kuteremka moja kwa moja toka kwa majani. Nusu ingine ilikuwa inatoka kwa vitu vya zamani vyenye kuoza. Hii nusu ya pili ndiyo yenye kutuhangaisha juu ya milima.

Sanduku la baridi

Katika bonde lenye joto, jani likianguka leo, mwaka ujao limekwisha. Mlimani, pale miti inakaribia kuisha, jani linaanguka na kungoja. Vijidudu viko, lakini baridi inavichelewesha, na maji mengi yanavinyima oksijeni. Mwaka kwa mwaka majani, mizizi na ndevu za miti vinajipanga juu ya vingine, udongo unakuwa mweusi, wa kunyonya maji sawa na sponji. Wale wamepanda Rwenzori wanajua: unakanyaga, mguu unazama mpaka goti. Ule weusi ni kaboni.

Tena kwetu hakuna majira ya baridi na majira ya joto. Juu kule kila usiku maji yanaweza kuganda, na kila mchana jua likitoka ardhi inapata joto. Udongo wa Alpes unalala chini ya theluji miezi mingi, hata kama chini ya theluji hiyo unaendelea kupumua kidogo, kwa sababu theluji inaufunika sawa na blanketi. Udongo wetu haulali. Unafanya kazi kila siku, pole pole, mwaka mzima.

Sasa swali ni hili: joto likipanda kwa digrii moja, mbili, nne, lile sanduku linafunguka kwa kiasi gani?

Jibu la kwanza limetoka Stillberg, karibu na Davos, Uswisi, kwenye metre 2180. Fasi hiyo iko na historia yake. Mwaka 1975 watu wa kule walipanda miti 92.000 kwenye mteremko mkali, ili kuona kama miti inaweza kusimamisha theluji yenye kuporomoka na kufunika mabonde. Mingi ilikufa, lakini ile yenye kubaki, zaidi ile ya jamii ya mélèze, ikawa laboratware ya bure juu kabisa ya mpaka wa miti. Kuanzia mwaka 2001 watafiti walipuliza gazi kaboniki zaidi kwa miti hiyo kwa miaka 9, kuona miti ya kesho itafanya nini. Mwaka 2007 wakaongeza kitu kingine: wakalaza waya za umeme juu ya udongo, sawa na zile za kupasha chakula, wakapandisha joto la udongo kwa digrii 4 hivi, na kuendelea hivyo kwa miaka sita.

Katika majira ya kwanza, pumzi ya udongo ilipanda kwa karibu 45%. Lakini hiyo haikuwa habari kubwa kabisa. Ile gazi walikuwa wamepuliza kwa miaka ilikuwa na alama yake ya kikemia, kwa hiyo kaboni mpya yenye kupita kwa majani iliweza kutofautishwa na kaboni ya zamani. Walipochunguza, walikuta kwamba ile nyongeza ilitoka zaidi katika akiba ya zamani, si katika sukari mpya. Kwa maneno mengine, joto halikufanya tu mlima upumue haraka. Lilikuwa linatoa katika akiba.

Jibu la pili linatoka Peru, na kwetu liko na uzito zaidi kwa kuwa ni mlima wa tropike sawa na wetu. Katika bonde la Kosñipata, karibu na Parke ya Manu, msitu unapanda bila kukatika toka Amazonia mpaka karibu na mpaka wa miti. Andrew Nottingham na wenzake walichimba vipande vya udongo kwa urefu mbalimbali, wakavibadilishana: udongo wa juu ukateremshwa chini kwenye joto, ule wa chini ukapandishwa juu kwenye baridi. Tofauti ya urefu ilifika metre 3000, ni kusema digrii 15 hivi. Wakangoja miaka mitano. Hesabu ikatoka hivi: kwa kila digrii moja ya joto yenye kuongezeka, udongo ulipoteza karibu 4% ya kaboni yake. Miaka mitano tu. Kaboni yenyewe ilichukua karne nyingi kujiweka pale.

Na miti ikipanda juu?

Hapa ndipo wengi wanajitetea: sawa, joto linakuja, lakini miti nayo itapanda juu, itavuta gazi, itarudisha usawa. Ni kweli kwamba miti inapanda. Uchunguzi mmoja ulikusanya habari za mipaka ya miti 166 duniani na kukuta kwamba 52% ilikuwa imepanda toka mwaka 1900, na 1% tu ilikuwa imeshuka. Mingine ilibaki palepale.

Lakini mti si benki peke yake. Ni mtumiaji pia. Kule Abisko, kaskazini mwa Sweden, Iain Hartley na wenzake walilinganisha msitu mdogo wa bouleau na ile nchi tupu yenye vichaka juu yake. Mtu yeyote akitazama kwa macho atasema msitu ndio wenye kaboni mingi. Walipopima vyote, miti na udongo, ikaonekana kinyume: nchi tupu ilikuwa na akiba kubwa zaidi, kwa sababu udongo wake ulikuwa na kaboni mingi kuliko ule wa msituni. Wakatafuta sababu kwa kupima umri wa gazi yenye kutoka. Inawezekana kupima umri, kwa sababu mabomu ya atomiki yaliyojaribiwa katika miaka ya 1950 na 1960 yaliacha alama hewani, na kila mmea wa wakati ule uko nayo. Wakaona kwamba katikati ya majira ya kukua, wakati mizizi ya bouleau inafanya kazi sana, gazi yenye kutoka kwa udongo wa msitu ilikuwa na kaboni ya zamani ndani yake.

Jinsi inavyofanyika si vigumu kuelewa. Mizizi inatoa sukari kidogo katika udongo. Vijidudu vyenye kukaa na njaa vinakula sukari ile, vinapata nguvu, na kwa nguvu hiyo vinashambulia ile akiba ngumu vilikuwa vinashindwa kuimega. Ni sawa na kuwapa wafanyakazi wenye njaa chai na mandazi asubuhi: hawaishii kwa mandazi, wanalima shamba nzima.

Tusikimbilie kusema kwamba kila mlima uko hivyo. Kule Peru, watafiti walipima udongo wa pande zote mbili za mpaka wa miti, msituni na katika majani ya juu, na hawakukuta tofauti kubwa ya akiba. Abisko ni Abisko, Andes ni Andes. Lakini mifano yote miwili inakataza hesabu moja ya haraka, ile yenye kusema: miti zaidi, basi kaboni zaidi ardhini.

Moto na maji

Joto la dunia haliwezi kuzimwa na mtu wa Mutwanga wala wa Lume. Moto, ndiyo. Erica iko na mafuta katika majani yake, na ikikauka siku chache inashika moto haraka. Chini yake, ule udongo mweusi nao unaweza kuungua bila ndimi, ndani kwa ndani, sawa na tanuru ya makala yenye kufunikwa. Kile vijidudu vingetoa kwa miaka mia, moto unatoa kwa wiki moja.

Mfano mkubwa uko Tanzania. Kwenye Kilimanjaro, Andreas Hemp ameonyesha kwamba mioto yenye kurudia rudia imeteremsha mpaka wa miti kwa metre mamia, wakati dunia ingine inasema joto linaupandisha. Mwezi wa kumi 2020 ulimwengu wote uliona mlima ule unawaka usiku. Na Rwenzori, yenye tunaizoea kama mlima wa mvua, haikuachwa: mwaka 2012 moto ulichoma majani na Erica upande wa Uganda, hata kupita metre 4000. Mlima mmoja, mpaka wa serikali unapita katikati, lakini moto hauombi jeton ya kupita.

Maji yanafanya kazi kinyume na moto. Katika mabonde ya juu ya Rwenzori kuna madimbwi ya majani ya Carex, ambapo maji yanasimama mwaka mzima. Pale oksijeni haifiki, na mimea iliyokufa haiozi yote. Ni kazi ile ile yenye kufanyika katika udongo wa tourbe wa Cuvette centrale, huku Équateur na jimbo jirani na ng'ambo ya mto kule Brazzaville, ambako inakadiriwa tonne karibu miliari 30 za kaboni. Rwenzori ni ndogo sana ukilinganisha, lakini sheria ni moja: dimbwi likikauka, ikiwa kwa ukame ao kwa njia yenye kukanyagwa mpaka ikawa mfereji, hewa inaingia na akiba inaanza kutoka. Ndiyo maana kule Uganda wamejenga madaraja ya mbao juu ya matope kwa ajili ya wapandaji. Wengine wanafikiri ni kwa kulinda viatu vya watalii. Inalinda pia matope.

Kwa wale wenye kuja na karatasi za kaboni

Miaka hii maneno ya crédit carbone yamefika mpaka vijijini. Watu wanaambiwa: pandeni miti, kuna pesa. Hapa chini, kwenye mteremko wenye kulimwa mpaka kuchoka, ambapo udongo tayari umepoteza weusi wake, kupanda miti ni jambo jema, na hakuna kitu katika habari hii kinachosema kinyume. Mti wa pale unashika udongo, unatoa kivuli kwa kahawa, unatoa kuni ili mtu asipande kwenye parke.

Hali inabadilika mtu akitaka kupanda miti juu, katika majani na vichaka vya karibu na mpaka wa miti, kwa sababu eti pale ni nchi tupu. Si tupu. Chifu ao kamati ya kijiji yenye kuletewa mpango wa namna hiyo iko na haki ya kuuliza mambo machache mbele ya kuweka sahihi: Je, mmepima kaboni ya udongo mbele ya kuchimba mashimo, ao mnahesabu miti tu? Mmepima mpaka sentimetre ngapi chini? Je, mti wenyewe ni Erica ya mlima huu, ao ni eucalyptus na msonobari, miti yenye kunywa maji mingi na yenye kuwaka vizuri? Moto ukipita mwaka wa tano, nani anarudisha pesa?

Mwenye mpango mzuri atajibu bila kukasirika. Kwa udongo wa juu kabisa, kazi yenye faida ya haraka ni ya bei rahisi kuliko kitalu cha miti: wawinda nyuki wasiache moto nyuma, njia za kupanda zisigeuzwe mifereji, madimbwi yaachwe na maji yake. Walinzi wa parke wa Mutsora wanajua njia hizo, na wabeba mizigo wa Mutwanga wanazijua hata zaidi, kwa kuwa ndio wanazipita na kilo ishirini mgongoni. Mtafiti mwenye kuja kesho na pete zake za plastiki atawahitaji wao kwanza, kwa sababu pete inahitaji mtu wa kurudi kuifunika, wiki kwa wiki, masika na kiangazi, na usalama wa kupanda hauko kila siku.